Nyumba ya Mwanachuo na Mlango wa Jirani

Kijana wetu apatapo nafasi ya kwenda kusomea shahada ya pili au ya tatu katika nchi ya mbali, nyumba nzima huingia katika shughuli. Baba huuliza habari za ada na nauli. Mama huuliza habari za baridi na chakula. Wajomba na mashangazi huuliza atarudi lini. Na ikiwa kijana huyo ana mke na mtoto mchanga, naye ameazimia kufuatana nao, watu humpongeza na kumwombea heri. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kusikika katika siku hizo za maandalizi, nalo ni hili: Atakapokuwa yeye yu darasani au maabarani tangu asubuhi hata usiku, mkewe atakuwa na nani? Nyuma ya ukuta wao ataishi nani? Mtoto akipatwa na homa usiku wa manane, mlango upi utagongwa?

Wala swali hili si la wake peke yao. Leo wako mabinti zetu wengi wasomao shahada za juu, na waume zao ndio wabakiao nyumbani na watoto. Yeyote abakiye, upweke ni ule ule. Wengi wamerudi kabla ya kumaliza masomo, si kwa sababu akili iliwapungukia, bali kwa sababu nyumba iliwashinda.

Yatupasa basi kutambua kwamba mwanachuo wa shahada za juu si sawa na mwanachuo wa shahada ya kwanza. Huyu wa kwanza aghlabu ni kijana mseja, wa umri wa miaka yapata ishirini. Kitanda, meza na taa vyamtosha. Yule wa pili mara nyingi amekwisha kuoa au kuolewa, ana watoto, ameacha kazi au amepewa ruhusa na mwajiri wake, na masomo yake humchukua miaka miwili, au mitano, au zaidi. Kumpa mtu kama huyu kitanda kimoja katika chumba cha watu wanne ni kumwambia achague moja: ama aache jamaa yake, ama aache elimu.

Katika makala haya twataka kusimulia kisa cha kweli kilichotokea katika chuo kikuu kimoja cha Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kisa hicho chatufundisha jambo ambalo wajenzi wengi hawalijui, na wapangaji nyumba wengi hulisahau: kwamba anayeamua mahali pa mlango, pa ngazi na pa ua, ndiye anayeamua, kwa sehemu kubwa, nani atakuwa rafiki wa nani.

MAKAO YA WATAFUTA ELIMU ZAMANI

Kabla ya kuvuka bahari kwenda Marekani, yafaa tukumbuke kwamba shauri la kumpangia mtafuta elimu makao yake si geni kwetu sisi Waislamu. Khalifa al-Mustansir alipoifungua madrasa yake mjini Baghdad mwaka 1234, aliweka nafasi za wanafunzi wa fiqhi 248, yaani 62 kwa kila moja ya madhehebu manne ya Sunni, na wakf wa madrasa ndio uliowapa malazi na chakula. Huko Misri, katika Msikiti wa al-Azhar, wanafunzi walikaa katika sehemu zilizoitwa riwaki, na riwaki nyingi zilikuwa za watu wa nchi fulani. Walikuwako watu wa Maghribi, watu wa Sham, Waturuki, na pia Jabarti, yaani Waislamu watokao pande za Uhabeshi na Pembe ya Afrika. Abd al-Rahman al-Jabarti, mwandishi mashuhuri wa tarikhi ya Misri, alikuwa wa ukoo ulioiongoza riwaki hiyo.

Tazama hekima iliyokuwamo. Mgeni aliyetoka safari ya miezi hakutupwa peke yake katika mji mkubwa. Alilazwa kando ya mtu ajuaye lugha yake, aijuaye njaa yake, na aliyefika mwaka mmoja kabla yake. Wazee hao walijua kwamba kumpa mtu elimu bila ya kumpa jirani ni kumpa nusu ya haja yake. Ila makao yale yalikuwa ya wanaume wasiofuatana na jamaa zao. Haja ya kuwapangia nyumba wanachuo wenye wake, waume na watoto ni haja mpya zaidi.

KISA CHA WESTGATE

Mwaka 1944 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwapa askari waliorudi vitani haki ya kusomeshwa kwa gharama ya serikali. Mara baada ya vita kwisha mwaka 1945, vyuo vikuu vilijaa watu wazima. Hawakuja na sanduku moja la nguo kama vijana wa zamani, bali walikuja na wake zao, na wengine na watoto. Mabweni yaliyokuwapo hayakuwafaa hata kidogo.

Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kilichoko katika mji wa Cambridge, kiliwajengea wanachuo hao wenye ndoa mtaa ulioitwa Westgate. Mtaa huo ulikuwa na nyumba ndogo ndogo 100, zilizopangwa makundi makundi kuzunguka viwanja vya majani, na nyumba nyingi zikielekea ndani kwenye uwanja. Kando yake palikuwa na mtaa wa pili ulioitwa Westgate West. Huu ulikuwa na majengo 17 ya mbao yaliyokuwa kambi ya jeshi la wanamaji, kila jengo la orofa mbili, na kila orofa ina makao matano. Majengo hayo hayakuwa ya fahari. Yalifanywa kwa haraka, kwa maana watu walikuwa wakingoja.

Katika chuo hicho hicho palikuwa na wataalamu waliochunguza jinsi watu wanavyoishi katika makundi. Watatu miongoni mwao, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, waliona kwamba mtaa ule ulikuwa mahali pazuri mno pa uchunguzi. Sababu yake ni hii: wakazi wake walifanana sana kwa umri, kwa masomo na kwa hali ya maisha, na hakuna aliyejichagulia jirani. Nyumba ikiwa tupu, alipewa yule aliyefikiwa na zamu. Wakawauliza wakazi ni nani wanaoonana nao zaidi kwa mazungumzo na kutembeleana. Waliyoyapata waliyaandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1950.

Majibu yake ni ya kustaajabisha. Kati ya kila marafiki 100 waliotajwa na wakazi wa majengo yale ya mbao, yapata 65 walikuwa wakazi wa jengo lile lile. Na katika orofa moja, walipohesabu majirani wa mlango kwa mlango, waliona kwamba 41 katika kila 100 walitajwa kuwa marafiki. Palipokuwa na mlango mmoja katikati, idadi ilishuka ikawa 22. Na wale waliokaa ncha hii na ncha ile ya orofa moja, walikuwa 10 tu katika kila 100.

Msomaji atadhani labda ncha hizo zilikuwa mbali sana. La, hasha! Mlango na mlango uliofuata vilitengana kwa futi 19 hivi, na kutoka ncha hata ncha hapakufika futi 100. Mtoto mdogo angepakimbia kwa pumzi moja. Hata hivyo tofauti hiyo ndogo ilitosha kumfanya mtu awe rafiki wa nyumbani au awe mtu wa kuamkiwa tu.

Wala si umbali wa futi peke yake. Ngazi nazo zilikuwa na kazi yake. Wale waliokaa chini karibu na ngazi, ambao watu wa juu hawakuwa na budi kupita mbele ya milango yao, walipata marafiki wa juu kuliko jirani zao wa katikati. Visanduku vya barua vilivyowekwa mahali pamoja navyo viliwakutanisha watu. Na katika ule mtaa wa nyumba ndogo, zile nyumba chache za pembeni zilizoelekezwa barabarani badala ya kuelekezwa uwanjani, wakazi wake walikuwa na marafiki wachache mno kuliko wenzao. Hawakuwa watu wabaya wala wenye kiburi. Mjenzi aligeuza mlango wao kwa ajili ya sura ya barabara, na kwa kuugeuza akawatenga na majirani bila ya kukusudia.

Waswahili husema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maneno hayo ni kweli kwa mambo ya tabia. Lakini kwa habari za ujirani, kisa cha Westgate chatuonyesha kwamba mlango nao una neno.

UJIRANI NI UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Hatupendi msomaji adhani kwamba kukaribiana peke yake ni dawa ya kila kitu. Wataalamu wale wale waliona kwamba wakazi wa uwanja mmoja hatimaye walikuwa na rai moja juu ya mambo ya mtaa wao, kama vile shauri la kuwa na chama cha wapangaji. Uwanja huu ukakipenda, uwanja ule ukakikataa. Aliyepingana na wenziwe aghlabu alikuwa yule asiyekuwa na marafiki wengi uwanjani hapo. Maana yake ni kwamba jirani hatupi chumvi na kiberiti tu. Hutupa pia fikira zake. Mzazi mwenye busara atalitia jambo hili moyoni.

Zaidi ya hayo, uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 1976, uliofanywa katika makao ya watu wa California, ulionyesha kwamba watu tusiopatana nao nao huwa karibu, pengine karibu kuliko hata marafiki. Hilo si ajabu. Asiyekaa karibu nawe hakupigii kelele usiku, wala hamwagi taka mbele yako. Kwa hiyo mpangaji wa nyumba ana kazi mbili: kuwakutanisha watu mahali pa heri, na kuwatenganisha mahali pa ugomvi. Ukuta mwembamba upitishao sauti ya redio na kilio cha mtoto hauleti ujirani mwema, huleta kununiana.

Tena tusisahau kwamba watu wa Westgate walikuwa karibu wote ni watu wa taifa moja na lugha moja. Mgeni aliyetoka Unguja, au Mombasa, au Ujiji, haja yake ni kubwa kuliko yao, kwa kuwa hana mahali pengine pa kuanzia.

WAZEE WETU WA PWANI WALILIJUA JAMBO HILI

Sisi wenyewe tuna ushahidi karibu. Nani katika mji wa Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja asiyejua kazi ya baraza? Kiti kile cha mawe kilichoshikana na ukuta, nje ya mlango, si pambo. Ndipo wanaume wapumzikapo baada ya sala, ndipo mgeni apokewapo kabla ya kuingizwa ndani, na ndipo habari za mgonjwa na za maiti zifikapo upesi. Aliyejenga baraza alijenga ujirani.

Na kwa upande wa wanawake, huko Lamu yako nyumba zilizounganishwa juu ya njia kwa daraja liitwalo wikio, hata jamaa waliweza kupita nyumba hii kwenda nyumba ile pasipo kushuka njiani. Sitara ilihifadhiwa, na ujirani haukupotea. Katika dini yetu haki ya jirani imesisitizwa mno, na haki ya sitara ya nyumba imesisitizwa vile vile. Fundi wa zamani hakuona kwamba haki hizi mbili zagombana. Alizitafutia zote mbili mahali ndani ya chokaa na mawe.

MPANGAJI AULIZE NINI?

Basi twarudi kwenye nyumba za wanachuo wa leo. Chuo kikuu kikitaka kujenga, swali la kwanza litakuwa: vitanda vingapi? Swali hilo ni la haki, kwa maana kodi za nyumba katika miji mingi yenye vyuo zimepanda hata mwanachuo hazimudu. Lakini si swali la mwisho.

Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, kilianza mwaka 1959 kuwajengea wanachuo wenye ndoa mtaa uitwao Escondido Village. Nyumba zake za kwanza zilikuwa fupi, zilizozunguka nyua zenye mahali pa watoto kuchezea. Haja ilipozidi, yalijengwa majengo marefu, na mwaka 2020 yakafunguliwa mengine makubwa yawezayo kukaa wanachuo wa shahada za juu yapata 2,400. Kile chuo cha Massachusetts nacho hakikubaki na nyumba zake za mbao. Mwaka 1963 kilifungua Westgate mpya kwa wanachuo wenye jamaa, mwaka 1967 kikafungua mnara ulioitwa Eastgate, na mwaka 2020 mnara mwingine ukachukua nafasi ya huo, ukiwa na mahali pa kulelea watoto mchana.

Hatuna haki ya kuulaumu mnara kwa kuwa ni mnara. Ardhi ya mjini ni ghali, na aliye barabarani hawezi kungoja mpaka apatikane uwanja wa kujengea nyumba za chini. Lakini katika mnara mtu huingia katika lifti, akatazama namba za orofa, akashuka, akafunga mlango. Asipopangiwa mahali pa kukutana na mwenziwe, aweza kumaliza miaka mitatu bila ya kujua jina la mtu aliye nyuma ya ukuta wake. Kwa hiyo jengo likiwa refu, ndivyo fikira za mpangaji zinavyopaswa kuzidi.

Sisi twaona kwamba mpangaji yampasa aulize haya. Je, wenye watoto wachanga wamewekwa pamoja, katika orofa za chini, au wametawanywa hapa na pale kati ya waseja wakeshao na vitabu? Je, liko dirisha la jikoni ambalo mama aweza kumwona mtoto wake uani huku chungu ki motoni? Chumba cha kufulia nguo kimewekwa mahali penye nuru na benchi la kukalia, au kimefichwa chini ya ardhi ambako kila mtu ataka kutoka upesi? Je, mtu apitapo kwenda kwake hupita mbele ya milango ya wenzake wachache atakaowazoea, au hupita mbele ya milango mia asiyoweza kuikumbuka? Na je, akifunga mlango wake, anayo sitara ya kweli?

Maswali haya hayahitaji fedha nyingi. Ngazi itajengwa hata hivyo, na visanduku vya barua vitawekwa mahali fulani hata hivyo. Kilicho na gharama ni kutofikiri, maana ukuta ukisha kusimama hausogezwi.

NA HUKU KWETU?

Huku kwetu vyuo vikuu vimeongezeka, na juhudi ya kuwapatia wanachuo malazi imeonekana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, yalifunguliwa mwaka 2017 majengo 20 yaliyopangiwa wanachuo 3,840. Hiyo ni neema kwa wazazi waliokuwa wakihangaikia vyumba vya kupanga mitaani. Hata hivyo, mabweni mengi ya Afrika ya Mashariki yamejengwa kwa kumfikiria mwanachuo mseja. Mwalimu wa sekondari atokaye Kigoma au Tanga kuja kusomea shahada ya pili, mwenye mke na watoto watatu, aghlabu huwaacha kwao, akaishi kama mseja kwa miaka miwili. Watoto humjua baba kwa sauti ya simu. Nasi tukisema kwamba twaitaka jamaa iliyo imara na twaitaka elimu ya juu, yatupasa tujenge nyumba ambamo vyote viwili vyaweza kukaa.

Twawashauri wenye mamlaka katika vyuo vyetu, na hata wenye kuweka wakf miongoni mwa Waislamu wenye uwezo, walifikirie jambo hili. Zamani wakf ulimpa mtafuta elimu mkate na mahali pa kulala. Leo mtafuta elimu ana mke jikoni na mtoto mgongoni. Majengo machache ya orofa mbili, yenye ua katikati, yangewatosha wengi.

Na nyinyi vijana wetu mnaojiandaa kusafiri, twawapa nasaha mbili. Kwanza, mwandikiapo chuo kuomba nyumba, msiulize kodi peke yake. Ulizeni nyumba iko orofa ya ngapi, yaelekea wapi, na kama jamaa zenye watoto hukaa pamoja. Msione haya. Maswali haya ni ya mtu mzima mwenye amana mikononi mwake.

Pili, kumbukeni kwamba hata katika mtaa ule wa Westgate, uliopangwa vizuri, majirani wa mlango kwa mlango waliokuwa marafiki hawakufika nusu. Mjenzi huleta mlango karibu na mlango. Hawezi kuugonga kwa niaba yako. Siku ya kwanza mtakapofika, mkiwa wachovu na masanduku hayajafunguliwa, pikeni chochote mlicho nacho, jazeni sahani moja, mkabishe mlango wa pili. Yawezekana nyuma yake yuko mama mwingine, mwenye lugha nyingine na mtoto mwingine, ambaye tangu asubuhi hajasema na mtu.

Mwenyezi Mungu awajalie wasafiri wetu jirani wema, na awajalie wao wenyewe kuwa jirani wema. Amin.